Kilo Arobaini za Mbegu za Mkangazi

Mwagindu, Magu
Jumatatu, 3 Machi 2025

Bi Leonsia,

Mikangazi yote kumi na tisa ya kando ya mto itakatwa. Alisema hivyo Mtendaji wa kijiji, Masele Maige, juzi Jumamosi mbele ya halmashauri ya kijiji. Mimi nilikaa benchi la mbele kwa sababu ya sikio, kwa hiyo nilimsikia vizuri. Mkutano mkuu wa kuthibitisha ni tarehe 17 Mei. Baada ya hapo ni msumeno.

Alitoa sababu mbili. Ya kwanza ni paa. Zahanati yetu ina kuta tangu 2022 na haina paa. Yupo mfanyabiashara wa mbao kutoka mjini ambaye ataezeka jengo lote kwa bati zake akipewa miti ile. Wajawazito wetu wanakwenda Magu kwa pikipiki, na mwezi wa kwanza binti wa Mhoja, jirani yangu, alijifungulia njiani kwenye mashamba ya mpunga. Siwezi kusimama mbele ya watu nikasema zahanati si kitu.

Ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu. Maige alisema miti imezeeka, haitoi tena mbegu inayoota, na kwamba anayo karatasi ya mtaalamu inayosema hivyo. Karatasi yenyewe hakutuonyesha.

Wewe ndiye mkuu wa kitalu kinachootesha mbegu hizo, na mimi ni mkusanyaji wako mwaka wa kumi na moja sasa. Naomba uandike barua fupi yenye mhuri kwamba miti ni mizima. Maige anauheshimu mhuri kuliko mtu.

Usipige simu. Sikio la kulia limekufa kabisa na la kushoto kwenye simu linasikia upepo tu. Barua mpe Venant, kondakta wa basi la asubuhi. Ni mzito kama gunia la mchanga, lakini hajawahi kupoteza bahasha.

Nimeweka michembe kidogo, viazi vyetu vitamu vya kukausha. Najua ninyi wa Bukoba msipoona ndizi mnahesabu hamjala, lakini jaribu.

Mzee wako,
Shimba Machibya


Kitalu cha Ziwani, Kiseke
10 Machi 2025

Mzee Shimba,

Shikamoo. Michembe imefika na imekwisha. Rachel, anayefungua magunia hapa kitaluni, aliila mibichi bila hata kuichemsha, nami nikamfuata.

Karatasi aliyoisema Mtendaji niliiandika mimi.

Niliiandika tarehe 20 Desemba, kwa mkurugenzi wa mradi wa miti unaoendesha kitalu hiki. Nakala ilikwenda wilayani, na kumbe kutoka wilayani ilishuka hadi kijijini. Sikujua kuna mtu anaitaka miti kwa ajili ya paa. Ningejua, bado ningeandika nilichokiona. Nilichokiona ni hiki.

Tarehe 16 Oktoba mwaka jana nilipokea kwako kilo arobaini za mbegu. Tulipanda mia nne za majaribio kwenye mchanga. Zikaota thelathini na moja. Tukarudia na mia nne nyingine, zikaota ishirini na nane. Mwaka 2023, kwa mchanga uleule na mikono ileile ya Rachel, ziliota mia mbili na tisini kati ya mia nne. Mbegu nyingi zisipoota hivyo, na aliyezikusanya ni mtu anayejua kazi, kitu kinachobaki kushukiwa ni mti. Niliandika kwamba miti mama ya Mwagindu huenda imechoka na isitegemewe tena kwa mbegu.

Siwezi kuweka mhuri juu ya kinyume chake kwa sababu mzee ninayemheshimu ameniomba. Nipe jambo jipya. Ulivuna tarehe ngapi? Ulianika wapi, kivulini au juani? Gunia lilinyeshewa? Mbegu kumi ulizozikata kwa wembe na kuziweka kwenye barua, kama unavyofanya kila mwaka, zilikuwa nyeupe ndani zote kumi. Ndiyo maana nilipokea gunia bila maswali. Ndiyo maana pia sielewi.

Wako,
Leonsia Rugemalira


Mwagindu
19 Machi 2025

Bi Leonsia,

Marahaba. Barua yako imenichosha kuliko kulima. Sikutegemea.

Gunia halikunyeshewa. Nilianika kivulini, juu ya turubai, siku sita, kama ulivyonifundisha.

Unasema miti imechoka. Mimi nakuambia inapumzika, na hayo ni mambo mawili. Ninalo daftari. Kila mwaka, kabla sijapanda kwa kamba, nasimama chini ya kila mti na kuhesabu matunda tawi kwa tawi. Nikishayaangusha kwa upembo nahesabu tena na kuyatenga yaliyotobolewa na wadudu. Hakuna aliyeniagiza. Nilianza ili nijue nibebe magunia mangapi. Nakunakilia matunda mazima niliyopata kwa miti yote kumi na tisa:

2017: 5,480
2018: 310
2019: 1,150
2020: 6,300
2021: 90
2022: 640
2023: 7,900
2024: 212

Angalia mwenyewe. Mwaka wa neema mmoja, kisha miaka miwili ya ukame wa matunda, kisha neema tena. Na si mti mmoja mmoja. Yote inazaa pamoja na yote inagoma pamoja, utadhani ina mwenyekiti. Mwaka 2018 walisema imekufa. Mwaka 2021 walisema mzee fulani ameiroga, na mzee waliyemtaja nilikuwa mimi. Miaka miwili baadaye matawi yalivunjika kwa uzito.

Jambo jingine. Mwaka wa matunda machache, wadudu weusi wanakula fungu kubwa. Mwaka 2021 miti ilikuwa na matunda mia mbili na arobaini, wakatoboa mia moja na hamsini. Mwaka jana yalikuwa mia mbili na sabini na matatu, wakatoboa sitini na moja. Lakini 2023, kati ya zaidi ya elfu nane, walitoboa mia tatu tu. Walikula wakashiba wakashindwa. Panya nao hivyohivyo. Mwaka ule niliona mbegu zimelala chini siku kumi na hakuna wa kuziokota.

Wewe umesoma Morogoro. Niambie mti unajuaje. Na ukishaniambia, mwambie na Maige.

Shimba Machibya


Kiseke
27 Machi 2025

Mzee Shimba,

Shikamoo. Nimelisoma hilo daftari mara tatu. Wapo watu wenye digrii ambao hawana hesabu ya miaka minane ya miti ileile.

Umeuliza mti unajuaje. Nitakwambia kinachojulikana, na pale ambapo hakijulikani nitasema.

Tunda la mkangazi ni gumu kama ubao na mbegu zake zina mafuta mengi. Kulitengeneza ni kazi kubwa, na chakula cha mwaka mmoja hakitoshi kutengeneza maelfu. Mti unaweka akiba kwenye shina na mizizi mwaka hadi mwaka, kisha unaitoa yote kwa mkupuo. Baada ya hapo ghala ni tupu na lazima usubiri. Hilo ndilo uliloliita kupumzika, na neno lako ni sahihi kuliko langu.

Kwa nini yote pamoja? Miti ya eneo moja inapata mvua moja na kiangazi kimoja, kwa hiyo ishara ya kutoa maua inaifikia yote wakati mmoja. Maua yakiwa mengi kwa pamoja, chavua inafika kila mahali na matunda yanashika vizuri. Mti unaotoa maua peke yake unapoteza nguvu bure. Ni ishara gani hasa, joto au ukavu au mvua ya mwaka uliotangulia, wataalamu bado wanabishana, na kwa mkangazi wa kwetu huku sijaona mtu aliyechunguza.

Wadudu na panya umeshaeleza mwenyewe. Miaka ya njaa inawapunguza. Ukija mwaka wa neema, waliobaki ni wachache na chakula ni kingi kuliko matumbo yao. Zinazobaki ndizo zinazoota. Mti ungezaa sawasawa kila mwaka, wangezaliana sawasawa na kula zote.

Kwa hiyo mwaka wa matunda machache hauthibitishi uzee. Hapo nakubaliana nawe, na niko tayari kuandika.

Lakini daftari lako linasema jambo jingine, mzee, na sina budi kuliuliza.

Mwaka 2024 umeandika matunda mazima 212. Tunda moja linatoa mbegu kama hamsini. Hizo ni mbegu elfu kumi na mia sita. Kilo moja ya mkangazi ni mbegu kama elfu tatu na mia tano. Kwa hesabu yako mwenyewe, mwaka jana miti yote ilitoa kilo tatu.

Uliniletea arobaini.

Sijamwambia mtu. Nieleze.

Leonsia


Kiseke
22 Aprili 2025

Mzee Shimba,

Shikamoo. Pasaka imepita bila jibu. Venant anasema bahasha yangu uliipokea kwa mkono wako tarehe 28 Machi, ukaisoma umesimama pale kituoni, ukaondoka bila kumuaga. Anasema haijawahi kutokea.

Mkutano wenu ni baada ya siku ishirini na tano. Ripoti yangu bado inasema miti imechoka. Kama kuna jambo linaloifanya ripoti hiyo kuwa ya uongo, ni wewe peke yako unayelijua, na likikaa kwako mpaka tarehe 17 halitakuwa na kazi tena.

Leonsia


Mwagindu
29 Aprili 2025

Bi Leonsia,

Kilo tatu zilikuwa za 2024. Thelathini na saba zilikuwa za 2023.

Naandika yote kwa mpangilio, kwenye karatasi moja, ili uweze kuitoa popote utakapoulizwa.

Mwaka 2023 nilivuna kilo mia moja na kumi na tatu. Mlichukua sabini na sita, kwa sababu gari lilijaa na vitanda vya kitalu vilijaa. Uliniambia zilizobaki nizimwage msituni ziote zitakazoota. Sikuzimwaga. Mtu aliyepanda kwa kamba miti kumi na tisa akiwa na miaka sitini na mbili hamwagi. Nilizitia kwenye gunia nikazisukuma chini ya kitanda.

Mwaka uliofuata ukaja na fomu mpya. Ilisema kila kundi la miti mama litoe kilo arobaini kwa mwaka, na litakaloshindwa linaondolewa kwenye orodha. Fomu hiyo aliisoma na Maige, kwa kuwa ilipitia ofisini kwake. Alinikuta kisimani akaniambia, “Mzee Shimba, miti yako ikitoka kwenye orodha ya serikali na mradi, inarudi kuwa mbao tu.” Hakunitisha. Alikuwa ananieleza.

Nilipohesabu nikapata matunda mia mbili na kumi na mawili. Nikakaa na hiyo hesabu siku mbili. Kisha nikavuta gunia.

Nilizichambua zilizooza. Nyingine zilionekana nzuri kwa nje. Nilidhani nusu zitaota, nanyi mtasema mwaka huu wastani tu, na mwaka wa neema ukija hakuna atakayekumbuka. Mbegu kumi nilizokukatia kwa wembe nilizitoa zote kwenye zile kilo tatu mpya. Za zamani nilikata moja, nikiwa peke yangu. Ilikuwa ya kahawia ndani, kama tumbaku. Sikukata ya pili.

Kwa hiyo karatasi iliyoihukumu miti haikupima miti. Ilipima gunia la chini ya kitanda changu. Nilidanganya ili isikatwe, na sasa inakatwa kwa sababu hiyo.

Nilipokunakilia daftari niliiona hiyo 212 mkononi mwangu. Ningeweza kuongeza sifuri moja. Sikuongeza. Daftari ni daftari.

Mke wangu, Wilhelmina, ndiye aliyeniambia nijibu. Alisema, “Umekaa kimya mwezi mzima kama mtu anayesubiri mvua impigie hodi. Andika ufe, au andika upone, lakini ondoka hapo mlangoni nifagie.”

Nimeandika.

Shimba Machibya


Kiseke
6 Mei 2025

Mzee Shimba,

Shikamoo. Jana saa nne asubuhi niliifuta ripoti ya tarehe 20 Desemba. Nimeiandikia ofisi ya mradi, wilaya na Mtendaji Maige. Nakala ya Maige iko kwenye bahasha hii, ina mihuri miwili kwa sababu ulisema anaipenda.

Barua yako nimeiambatisha. Hukunikataza, na isingewezekana vinginevyo.

Sasa yaliyo upande wangu, maana nawe unastahili karatasi moja.

Gunia lako lilipofika mwezi wa kumi, Rachel alilifungua akarudi nyuma hatua moja. Akaniambia, “Dada Leonsia, hizi zinanuka mafuta yaliyochacha.” Mbegu mpya ya mkangazi hainuki hivyo, na mimi najua. Nikainama nikanusa. Nikamwambia panda. Nilikuwa na ripoti ya robo mwaka inayotaka kilo arobaini, gunia lilikuwa na kilo arobaini, na ndani ya barua kulikuwa na mbegu kumi nyeupe. Sikukata ya kumi na moja.

Na ile fomu iliandikwa na mimi. Nilichukua mavuno yako ya miaka mitatu: kilo moja na robo, kilo tisa, na kilo mia moja na kumi na tatu. Nikajumlisha nikagawanya kwa tatu. Nikapata arobaini na moja, nikapunguza moja kwa huruma. Hakuna mwaka hata mmoja ambao miti yako imewahi kutoa kilo arobaini. Ulikuwa unaombwa kitu ambacho kipo kwenye karatasi tu, na ulikileta kwa njia pekee iliyokuwepo.

Sisemi hivyo kukuondolea kosa. Uliweka mbegu zilizokufa juu ya zilizo hai na ukanionyesha zilizo hai. Nimeliandika hivyohivyo kwenye barua ya mradi, na langu nimeliandika chini yake.

Majibu yamekuja leo mchana. Umeondolewa kwenye orodha ya wakusanyaji. Mimi nimepewa onyo la maandishi na nimezuiwa kuja kwenye mkutano wenu, kwa maelezo kwamba mradi usionekane unaingilia mambo ya kijiji. Nimeomba wanikubalie fomu mpya isiyodai kilo kwa mwaka, bali hesabu ya matunda ya miaka mitatu kwa pamoja. Hawajajibu.

Kuna jambo moja la kukusaidia tarehe 17. Kilo tatu kati ya arobaini ni sawa na mbegu thelathini kati ya mia nne. Kwenye majaribio yangu ziliota thelathini na moja, na mara ya pili ishirini na nane. Yaani kiasi kilichoota kinakaribia sana kiasi cha mbegu mpya zilizokuwamo. Siwezi kuapa kwamba zilizoota ndizo hizo, kwa sababu zilichanganywa. Lakini kama ndizo, miti yako haijachoka hata kidogo.

Waambie hivyo. Na ukiulizwa kwa nini zilichanganywa, itabidi useme mwenyewe. Sitakuwepo.

Leonsia


Mwagindu
Jumanne, 20 Mei 2025

Bi Leonsia,

Miti haikatwi kabla ya Oktoba. Maige alitangaza matokeo Jumamosi saa nane na nusu mchana: mia moja thelathini na moja walitaka tusubiri, mia moja na kumi na nane walitaka msumeno. Yametofautiana kwa watu kumi na watatu. Sijui ni nani, na sijaribu kujua.

Barua yako ya mihuri miwili ilisomwa yote. Maige alisoma na sehemu yangu, pole pole, bila kuongeza chumvi. Kisha mwenyekiti akaniita mbele.

Akaniuliza, “Mzee Shimba, hii ni kweli?”

Nikasema kweli.

“Mbegu za mwaka juzi ukaziita za mwaka jana?”

“Nilifanya hivyo.”

“Sasa umewadanganya wataalamu, watu wenye hadubini. Sisi tutakuaminije?”

Nikamwambia wasiniamini. Nikasema ndiyo maana nataka tuhesabu pamoja, matunda yakiiva, na mbegu zipandwe hapahapa mbele ya kila mtu.

Ndipo Mhoja akasimama, mama wa yule binti. Alikuwa na mjukuu mgongoni, yuleyule aliyezaliwa kwenye mpunga. Akasema, “Shemeji, umetunza mbegu chini ya kitanda mwaka mzima, na mwanangu anazalia kwenye tope. Si bora ungetunza bati?” Watu walicheka sana. Hata Wilhelmina alicheka, nikamwona. Kisha Mhoja akanigeukia bila kucheka. “Mimi nitapiga kura ya kusubiri,” akasema, “lakini usidhani nimekusamehe. Nataka nijue kama miti ni mizima kabla hatujaibadilisha kwa paa. Ikiwa imekufa, nitaleta shoka langu.”

Mfanyabiashara alikuwepo, amesimama karibu na gari lake. Amesema atasubiri mpaka Desemba, bati zake haziozi. Kwa hiyo zahanati inabaki bila paa msimu mwingine wa mvua, na hilo liko juu yangu. Sitalizungusha.

Masharti yaliyoandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano ni haya. Hesabu ifanywe na watu wawili au zaidi, nisiwe peke yangu. Kupanda juu atapanda Evelina Chenge, ambaye kijiji kimemchagua badala yangu. Ana mikono mizuri, ila anaogopa nyuki. Nimempa kamba zangu na upembo. Mimi nitakaa chini na daftari. Mbegu zikishakauka zipandwe mia moja kwenye masanduku ya mchanga, ndani ya kuta za zahanati, kwa kuwa ndiko mbuzi hawafiki na jua linaingia. Zikiota nusu au zaidi, miti inabaki na kijiji kinatafuta paa kwingine. Zikipungua nusu, mkataba wa bati unasainiwa siku hiyohiyo.

Hawakuweka sharti la wingi. Nilipowasomea miaka minane ya daftari, na yale uliyoniandikia kuhusu ghala tupu na wadudu wenye njaa, Maige mwenyewe alisema, “Kwa hiyo tukiipima kwa wingi tutakuwa tunapima kalenda.” Amekuwa mtu wa maana kidogo tangu mihuri yako ifike.

Lakini wewe na mimi tunajua kilichobaki. Kwa daftari huu ni mwaka wa pili wa njaa. Matunda yatakuwa machache na wadudu watayafikia. Mbegu iliyotobolewa haioti, hata mti ukiwa mzima kabisa. Inaweza kutokea nyingi za hizo zikaingia kwenye zile mia bila sisi kuzitambua. Nilitaka kuwaambia hilo pia, nikalisema, na nadhani lilinipotezea kura.

Jana nilikwenda mtoni. Matunda machanga yapo. Nimeyaona kwa macho yangu kwenye mti wa tatu, wa saba na ule wa mwisho karibu na kivuko. Idadi sitaiandika kwenye barua hii wala kwenye daftari mpaka tuwe watu wawili.

Ninyi mradi mmezuiwa kuja kama mradi. Maige anasema mtu yeyote anaruhusiwa kuja kama mgeni wa nyumba yangu, na Wilhelmina amesema atatafuta ndizi, japo za Magu utazicheka.

Hesabu ni Jumamosi, tarehe 4 Oktoba, saa mbili asubuhi, chini ya mti wa kwanza. Njoo na wembe wako. Wa kwangu nitauacha nyumbani.

Mzee wako,
Shimba Machibya